Drai yangu ilikuwa inazimika, fundi akaniambia niitupe

Bado nina hasira na yule fundi. Drai yangu ya mkono ya kukaushia nywele ilianza kuzimika ghafla, kichwa nusu kikavu nusu maji, halafu ikishapoa inawaka tena kama kawaida. Nikampelekea. Hakuifungua, hata kuigeuza hakuigeuza. "Dada, koili imekufa hii, tupa ununue nyingine," akarudi kwenye simu yake. Nikamuuliza, koili (ule waya wa ndani unaopata moto) iliyokufa inafufukaje ikipoa? Akanijibu kwa ukali kwamba fundi ni yeye.

Sikuitupa. Ile sehemu ya nyuma yenye matundu, inayoonekana kama imeumbwa pamoja na mashine, kumbe inazungushwa na kutoka! Ndani kuna wavu, na wavu wote ulikuwa umezibwa na vumbi na nywele. Upepo wote unaotoka mbele huingilia hapo. Njia ikiziba, koili haipati hewa ya kuipoza, joto linapanda, na swichi ndogo ya usalama inakata umeme. Swichi yenyewe ni metali mbili tofauti zilizoshikamanishwa: zikipata moto zinapinda na kukata umeme, zikipoa zinanyooka. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inajikinga isiungue, na kunikinga mimi. Nilichomoa plagi, nikasugua wavu kwa mswaki mkavu, na tangu hapo haijazimika.

Waliounda hii kitu wana akili sana. Sasa kwa nini wafiche? Hakuna mshale, hakuna maandishi, na mstari wa kiungio ni mwembamba kama unywele. Kitufe cha baridi nacho wamekichorea kitheluji tu, basi, wakati ndicho kinachofanya mtindo ukae. Joto huachanisha vifungo vya haidrojeni, yaani vile vishikizo dhaifu vinavyoshikilia umbo, ndani ya unywele. Unywele ukipoa vinajifunga upya katika umbo ulilouwekea. Kwa hiyo ukimaliza kunyoosha kila fungu, lipulizie baridi kabla ya kuliachia. Saluni wanalijua hili siku nyingi. Sisi wa nyumbani nani katuambia?

Nilikuwa nimeshaamua kuandika msiinunue. Siwezi tena, pengine ndiyo drai bora niliyowahi kushika. Lakini nyota moja naipunguza, hapana, mbili, mpaka waandike "zungusha hapa". Na kama yako inazimika katikati ya kazi, angalia nyuma kwanza (nyingine kifuniko huvutwa tu) kabla hujamlipa mtu.