Chipsi za Tom Mboya si zile tena
KFC ilipoishiwa chipsi Kenya Januari 2022 kwa kuchelewa kwa viazi vya ng'ambo, mikahawa hii ya kuku na chipsi katika Barabara ya Tom Mboya, Nairobi, ilikuwa ikijivunia shangi, aina ya kiazi, ya Nyandarua: inamenywa asubuhi, inakaangwa mara mbili, nyuzi 150 hadi iive ndani, inapoa, kisha 180 hadi iwe kavu nje. Matawi yalipoongezeka, ule mkaango wa kwanza ukaachwa na viazi vikatiwa kwenye friji. Kosa kubwa! Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo chipsi zinakuwa nyeusi nje kabla hazijaiva ndani. Mafuta nayo yanatoa povu, dalili kwamba yamechoka, na bado yanatumika. Inauma. Kuku angali mtamu. Omba anayetoka kwenye karai, si aliyelala chini ya taa.