Miaka miwili ya kusomea ushauri nasaha Mombasa: nililipia nini, nilipata nini

Nilianza diploma ya saikolojia ya ushauri nikiwa na miaka 34, baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka kumi. Chuo sikitaji jina, kwa sababu nina ya kukilaumu. Naandika kwa kuwa watu hawaishi kuniuliza kama kozi hii inafaa kulipiwa.

Kabla yake nilikuwa nimeshalipia kozi ya mtandaoni ya tiba ya hipnosisi, yaani kumwongoza mtu aingie katika utulivu mzito wa mawazo: siku nne za video, maswali ya kuchagua jibu, kisha cheti chenye muhuri wa dhahabu kikisema mimi ni mtaalamu. Sikukaa mbele ya mtu hata mmoja. Hipnosisi yenyewe si kiinimacho. Kule Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayoshauri kuhusu matibabu, unaitaja kwa wagonjwa wa IBS, yale maumivu ya utumbo yanayovuruga choo, ambao dawa hazikuwasaidia kwa miezi 12. Lakini mtu aliye katika hali ile huwa mwepesi wa kupokea anachoambiwa, na ukimwuliza vibaya unaweza kumpandikizia kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea kamwe. Kukabidhiwa kazi hiyo kwa siku nne kuliniogopesha. Cheti kile sijakitumia.

Diploma ilinibana tangu wiki ya kwanza. Tulikaa watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja akitazama. Mwenzangu akaanza kueleza habari za mamake aliyekuwa akisahau majina ya wanawe. Hakufika sentensi ya tatu, nikamwambia, "Pole dada, shukuru Mungu bado yu hai." Mwalimu akanisimamisha, akamwuliza mwenzangu alikuwa anataka kusema nini. Akajibu, "Limeshanitoka."

Jina la kazi yetu ndilo linalotuponza. Wengi wetu tulisikia "ushauri nasaha" kwanza kwenye vituo vya kupima virusi vya ukimwi, na nasaha tunayoijua ni ile ya wazee: kaa hapa, fanya hivi, vumilia. Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye tulimsoma muhula mzima, alitaka mambo mengine kabisa: mteja asikilizwe kwa undani, akubaliwe alivyo, na mshauri asiigize. Mimi, mwalimu wa miaka kumi, ilinichukua miezi kujifunza kunyamaza.

Kilichonifundisha hasa ni kukaa kwenye kiti cha mteja. Chuo kilitudai kila mmoja saa 20 za tiba yake binafsi, na hazimo kwenye karo. Nililipa shilingi 1,500 kila saa na nilinung'unika sana. Saa ya sita nilimlilia kaka yangu aliyefariki nikiwa kidato cha pili. Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa na haraka ya kuwaliwaza watu: kilio cha mtu mwingine kilikuwa kikinigusa palepale. Kama chuo unachokifikiria hakidai saa hizi, kiache.

Sasa lawama. Masomo ya kufiwa yalikuwa hatua tano za huzuni za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, tukazikariri kama ngazi, ilhali mama yule alizitoa kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Matanga hayakuguswa. Eda haikuguswa, na hapa Mombasa utakutana na mjane aliyemo ndani ya miezi minne na siku kumi zake. Yote tulifundishwa kwa Kiingereza, kisha mteja anakuja anasema "moyo umenijaa" na wewe huna pa kuanzia. Mahali pa mafunzo ya vitendo pia tuliachiwa tujitafutie. Nilipeleka barua hospitali tatu kabla sijapokelewa.

Nilipoanza masomo, kujaribu kujiua kulikuwa bado kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nilikuwa wodini kwa mafunzo ya vitendo wakati huo. Msimamizi wangu, yaani mshauri mzoefu anayeangalia kazi ya wengine, alitukusanya siku hiyo hiyo, tukapitia upya maneno ya kumwambia mtu aliyeokolewa, kwa sababu hofu ya polisi ilikuwa imewafunga wengi midomo.

Kabla ya kulipa, uliza nani atakusimamia unapoanza kuona wateja, na kama amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo swali hilo si utovu wa adabu.

Mimi bado naenda kwa msimamizi kila baada ya wiki mbili, na namlipa mwenyewe. Mteja mpya namweleza mapema kwamba sitampa nasaha. Wazee hushangaa: "Sasa mwanangu, utanifanyia nini?" Namwambia tuna dakika 50, na zote ni zake.