Mulldrifter: anakulipa kabla hajafa

Karata nilijifunzia nyumbani Tanga, kwenye wahedi wasitini, ambako mkono ukishaliwa kila mtu anaokota karata moja. Hakuna anayemzidi mwenzake kwa idadi. Nilipoanza kucheza Magic: The Gathering hapa Minneapolis, nilichelewa sana kuelewa kwamba huku unaweza kumzidi mtu hata wingi wa kadi alizoshika, na kwamba mara nyingi huyo mwenye nyingi ndiye anayeondoka na ushindi. Aliyenifungua macho ni Mulldrifter.

Ni kadi ya kiumbe wa bluu wa mana tano (mana ndiyo malipo ya kuchezea kadi, na hutoka kwenye kadi za ardhi), nguvu mbili, uhai mbili, anaruka, na akiingia uwanjani unavuta kadi mbili. Alitoka mwaka 2007 katika seti ya Lorwyn, akiwa kwenye daraja la kadi zinazopatikana kwa urahisi kabisa. Ndiyo maana anaruhusiwa kwenye Pauper, mtindo wa kadi za daraja hilo tu, ambao ndio tunaoucheza Ijumaa jioni mezani kwangu.

Utamu wake uko kwenye bei ya pili, Evoke. Ukilipa mana tatu badala ya tano, anaingia, unavuta zako mbili, kisha anakwenda kaburini. Kwa hiyo ni siku chache utamshika ukajuta. Ardhi zimekwama kwenye tatu? Mtoe kafara, utafute ya nne. Umefika tano? Muweke mzima. Mpinzani akimchoma kwa Lightning Bolt, yeye katumia kadi moja, wewe mbili zako zimeshafika mkononi.

Sasa mpe Ephemerate, ile nyeupe ya mana moja inayomtoa kiumbe wako uwanjani na kumrudisha hapo hapo. Ukiwa na ardhi nne, mwite kwa Evoke. Akiingia, mambo mawili yanasubiri kutendeka, kuvuta kadi na kumtoa kafara, na mpangaji ni wewe. Panga kuvuta kutangulie. Wengi hawalijali hili, nami nalisisitiza kila mara, kwa sababu hiyo Ephemerate yenyewe inaweza kuwa miongoni mwa kadi mbili unazovuta. Kabla kafara haijafika, ipige. Anayerudi anahesabiwa kuwa kiumbe mpya asiyedaiwa kafara, na unavuta mbili tena. Zamu yako ijayo ikianza, Ephemerate inajirudia bure, mbili nyingine. Kadi sita, na Mulldrifter wako bado anaelea angani. Mara ya kwanza kuifanya mikono ilinitetemeka.

Jambo jingine nililijifunza nikicheza na jirani yangu mwenye fungu la Faerie, yaani rundo la kadi lililojengwa kwa viumbe wa aina hiyo. Spellstutter Sprite wake huzuia kadi ambayo thamani yake, yaani bei ya mana iliyoandikwa juu yake, haizidi idadi ya Faerie alizonazo. Alikuwa nao watatu, akadhani Mulldrifter niliyemlipia mana tatu amekwisha. Hapana: hata kwa Evoke, thamani yake inabaki tano. Nilivuta mbili zangu. Vivyo hivyo kadi kama Negate, isiyogusa viumbe, haimpati, maana huyu ni kiumbe hata akija kufa tu.

Anaposhindwa ni mbele ya mafungu mekundu ya mbio. Zamu ya tatu wewe unavuta kadi, mwenzako ana viumbe watatu wanakugonga. Hizo kadi hutapata muda wa kuzitumia. Huwezi hata kumvizia nazo kwenye zamu yake, kwa kuwa Mulldrifter huchezwa zamu yako tu. Mchezo wa pili dhidi ya watu hao huwa nawatoa Mulldrifter wote kwenye fungu langu na kuingiza kadi za bei nafuu za kuua viumbe. Na akifika uwanjani mzima, usimharakishe kushambulia. Nimeshapoteza michezo kwa tamaa ya uhai mbili mbili, wakati angebaki nyuma angezuia kiumbe anayeruka.

Kwenye fungu la bluu na nyeupe lenye Ephemerate nne, nawaweka watatu. Wanne niliwajaribu mwezi mzima, na mara mbili nikaanza na wawili mkononi na ardhi mbili, nikawa natazama tu wenzangu wakicheza. Bila Ephemerate, wawili wanatosha.