Ekstensheni: soma unene wa waya kabla ya kuhesabu soketi

Ekstensheni yangu ya soketi sita iliyeyuka ganda la waya nikiwa nimechomeka birika la umeme na pasi tu. Soketi nne zilikuwa wazi. Tangu siku hiyo sihesabu soketi. Nageuza waya na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda.

Soketi zote za ekstensheni zimeungwa sambamba. Kila chombo kinapata volti 230 zilezile, na kila unachoongeza kinashusha ukinzani wa jumla, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu. Birika la wati 2000 lina omu 26.5 hivi, pasi ya wati 1200 omu 44. Zidisha namba hizo, kisha gawanya kwa jumla yake: omu 16.5, pungufu hata ya birika peke yake. Sasa 230 gawanya kwa 16.5, unapata karibu ampea 14, na zote zinapita kwenye waya mmoja uendao ukutani. Wangu ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, urefu mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20 za shaba, omu 0.46, na zaidi ya wati 80 zinageuka joto humo humo. Nami nilikuwa nimeuacha umeviringwa! Joto halikuwa na pa kutokea.

Ya kwanza kwangu ni ekstensheni ya kampuni ya Brennenstuhl yenye waya ulioandikwa H05VV-F 3G1.5, na sifichi kwamba naipendelea. Maana ya 3G1.5 ni nyaya tatu, ya ardhi ikiwemo, kila moja milimita za mraba 1.5. Joto lile linapungua karibu nusu.

Ya pili, nunua waya wa 3G1.5 kwa mita, fundi umeme akufungie plagi na soketi. Kwangua ncha kwa kisu kwanza: ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hukinza mkondo mara 1.6 hivi kuliko shaba.

Ya tatu ni 3G1.0, isizidi mita 3. Zile rahisi za 0.75 ni za taa na chaja.

Kinachoniuma ni wauzaji kupandisha bei kwa sababu ya matundu ya USB na kitaa chekundu. Ukiuliza unene, wanakubonyezea ganda la plastiki. Aliyeniuzia mimi nilimrudishia, akasema nilichomeka vitu vingi mno. Viwili, kwenye ekstensheni aliyoisifu kwa soketi sita.