Mkate wa altare: uliochachwa au usiochachwa?

Wakatoliki wa Roma hutumia hostia: unga wa ngano na maji tu, bila hamira. Waorthodoksi huoka mkate ulioumuka, wenye muhuri juu yake wa herufi za Kigiriki IC XC NIKA, yaani Yesu Kristo anashinda.

Hoja ya Roma ni Pasaka ya Kiyahudi. Mathayo, Marko na Luka wanaiweka Karamu ya Mwisho kwenye sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu, na Paulo anaifanya chachu mfano wa uovu (1 Wakorintho 5:8). Hostia basi inasema usafi, na haraka ya Waisraeli wanaotoka utumwani Misri.

Waorthodoksi wanajibu kwa Yohana, anayeiweka karamu hiyo kabla ya Pasaka. Kwao mkate ulioumuka ni mkate ulio hai, ishara ya ufufuko. Na Yesu mwenyewe aliufananisha ufalme wa mbinguni na chachu (Mathayo 13:33). Kabla ya liturujia, padri huchukua kisu chenye umbo la mkuki, akakata kipande cha katikati kiitwacho Mwanakondoo. Mabaki ya mkate huo hubarikiwa na kugawiwa mwishoni, hata kwa ambao hawakukomunika. Desturi hiyo naipenda kuliko hoja zote.

Ugomvi huu ulichangia mfarakano wa 1054 kati ya Roma na Makanisa ya Mashariki. Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Firenze, 1439, ulikubali mikate yote miwili kuwa halali, ingawa muungano wa pande hizo mbili uliotangazwa hapo haukudumu. Kimaandiko, naona Roma ina nguvu kidogo zaidi. Kwa ishara, Waorthodoksi wanaongoza.