Miche ya kienyeji ya vitalu vya ukingo wa Msitu wa Kakamega: angalia mizizi kabla ya urefu

Kutoka Khayega kupitia Shinyalu hadi Isecheno utakuta vitalu vya akina mama na vijana wanaoishi kando ya Msitu wa Kakamega. Shule, makanisa na vikundi vya kujitolea vinavyokuja kupanda miti msimu wa mvua hununua hapo. Tunaipa miche hiyo alama nne kwa tano. Mbegu zake zimeokotwa humu humu, chini ya miti iliyozoea mvua na udongo wa hapa, na hakuna duka la mjini litakalokupa hilo. Alama moja inapotea kwa sababu ya kasoro zilezile zinazojirudia kitalu baada ya kitalu, na mnunuzi anaweza kuziepuka akijua pa kuangalia.

Tuanze na mwiritsa (Prunus africana), mti ambao gome lake lilibanduliwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995. Jani lake halidanganyi: kikonyo kina wekundu wa waridi, ukingo una meno madogo butu, na ukilisugua kwa vidole linatoa harufu ya lozi chungu. Lisiponukia hivyo, rudisha mche. Mbegu ya mwiritsa haivumilii kukauka. Tunda likishakolea zambarau huvuliwa nyama, mbegu ikaoshwa na kupandwa mapema, kisha huchukua mwezi mmoja hadi miwili kuchipua. Ikianikwa juani kama mahindi, inakufa. Kikundi kinachojua kazi kitakueleza haya kabla hujauliza.

Uliza pia mbegu zimetoka chini ya miti mingapi. Jibu zuri ni kumi au zaidi, iliyoachana mita 50 hadi 100. Zikitoka zote kwenye mti mmoja ulio karibu na njia, miche yote ni ndugu, na ugonjwa ukiingia utaikuta yote ina udhaifu mmoja.

Sasa mizizi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwombe mwenye kitalu afungue tyubu moja (mfuko wa plastiki wenye mche) mbele yako. Asiyetaka kupoteza mche mmoja ili auze mia tano anakuficha jambo. Mche mzuri una mizizi myembamba mingi iliyosambaa kwenye udongo. Mche mbaya una mzizi mkuu uliojiviringa chini ya tyubu kama ngata. Ukipandwa hivyo unaendelea kujizungusha wenyewe ardhini. Utapendeza mwaka mmoja au miwili, halafu upepo utaulaza. Chanzo chake ni tyubu zilizoachwa chini muda mrefu bila kuinuliwa. Vitalu makini huinua tyubu kila baada ya wiki chache na kukata mizizi iliyotokeza chini, kisha wiki nne hadi sita kabla ya kuuza hupunguza kivuli na maji ili mche uzoee jua. Chukua wenye sentimita 30 hadi 45 na shina nene kama penseli. Mche wa mita nzima ndani ya tyubu ya inchi 4 kwa 6 umekaa kitaluni kupita kiasi, hata ukipewa kwa bei ya chini.

Kasoro ya pili ni uchaguzi wa aina. Lusiola (Markhamia lutea, siala kwa Wajaluo) inaota kwa urahisi, kwa hiyo imejaa kila kitalu. Ni mti mzuri wa nguzo na maua yake yanafaa nyuki, lakini mbegu zake hupeperushwa na upepo, hazina nyama ya kumlisha ndege. Msitu unarudi pale hondohondo, shorobo na kima wanapokuwa na sababu ya kutua, kwa kuwa wao ndio wanaomeza matunda na kudondosha mbegu kwingine. Tafuta mutere (Maesopsis eminii), mwiritsa, na zaidi ya yote mikuyu. Mikuyu ni adimu vitaluni kwa sababu mbegu zake ni ndogo mno na miche yake michanga inahitaji uangalizi mwingi. Mutoto (Ficus thonningii), ambao ni aina ya mkuyu, huota kwa vipande vya matawi, kwa hiyo agiza vipande vya mita moja hadi mbili. Kwa kila miche mia, lusiola isizidi kumi. Mikaratusi na mukima (Grevillea robusta) utaikuta kwenye matuta ya jirani. Iache, ni ya shamba.

Kubeba pia kuna makosa yake. Mche hushikwa kwa tyubu. Ukiushika kwa shina, udongo unadondoka na mizizi midogo inakatika. Ipange wima kwenye kreti, na kwenye pikapu uifunike turubai, kwani upepo wa barabarani unaikausha kuliko jua. Mwagilia usiku wa kuamkia safari, wala si asubuhi ileile, la sivyo bonge la udongo litavunjika njiani.

Ndani ya msitu usipande kabla ya kuzungumza na kituo cha KFS (Huduma ya Misitu Kenya) na chama cha jamii cha msitu, ambacho kinatambuliwa na sheria ya misitu ya 2016. Upande wa Buyangu, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 1985, wahusika ni KWS (Huduma ya Wanyamapori Kenya). Kabla ya kuchimba, tembea eneo lote ukiinamisha macho. Palipo na machipukizi ya asili, yapalilie na usipande kitu. Hayo yana mizizi imara kuliko mche wowote utakaonunua. Palipo wazi, acha mita tatu kati ya shimo na shimo, yaani miche kama 450 kwa ekari. Shimo la sentimita 30 kila upande linatosha kwa mvua ya hapa, lakini ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe ichimbe hadi 45. Udongo wa juu weka kando, ndio utakaorudi kwanza kuzunguka mizizi. Pasua tyubu kwa wembe uitoe yote, uondoke nayo. Kila mwaka kuna miche inayofukuliwa ikiwa imekufa ndani ya plastiki yake.

Na bado kazi kubwa haijaanza. Kinachoua miche mingi ni nyasi zinazoifunika kufikia Julai, kisha ng'ombe, kisha kiangazi cha Desemba hadi Februari. Kila mche unahitaji duara la mita moja lililopaliliwa, mara tatu mwaka wa kwanza na mara mbili mwaka wa pili, kwa mkono karibu na shina, maana panga la haraka hukata mche pamoja na nyasi. Vikundi vya hapa huweza kuifanya kazi hiyo kwa malipo, nasi tunaiona ndiyo huduma yao bora kuliko miche yenyewe. Kikundi chenye fedha za miche elfu moja kinunue mia tano, kilichobaki kilipie palizi, na miche ihesabiwe upya Machi kabla ya kujazia mapengo.

Agiza mapema. Mwiritsa wa kupanda Aprili huwa uko kitaluni tangu mwaka uliotangulia, na ndiyo maana bei yake inazidi ya mkaratusi, unaokuwa tayari kwa miezi michache. Ukipiga simu mwishoni mwa Machi, kilichobaki huwa ni lusiola.