Kompyuta ya gemu ya kwanza ukiwa Mwanza: uanze na nini, uache nini

Kijana anayetaka kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huvutwa haraka na zile zenye kioo ubavuni na mafeni yanayowaka rangi zote. Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji mambo mawili: prosesa (chipu inayofanya mahesabu yote) ni ya kizazi gani, na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya kampuni gani. Ukiambiwa ni Core i7 ya kizazi cha tatu au cha nne, ujue ni prosesa ya mwaka 2012 au 2013, inayotumia RAM za DDR3, aina ya zamani ya kumbukumbu ya kompyuta. Core i3-12100F ya mwaka 2022, yenye kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) nne tu, inaiacha mbali. Isitoshe, Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu kama Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi uliojengwa ndani ya kompyuta yenyewe, vitu ambavyo mashine hizo kwa kawaida hazina. Kwangu mimi hizi ndizo za mwisho kabisa, hata zikipambwa namna gani.

Njia ninayoiweka ya kwanza ni kuunda mwenyewe juu ya soketi (tundu inapokaa prosesa) ya AM4 ya AMD. Soketi hii ina miaka mingi sokoni, vipuri vyake vipya na vya mtumba vinapatikana, na inatumia RAM za DDR4. Chukua Ryzen 5 5600 kama una hela ya kadi ya grafiki sasa hivi. Kama huna, chukua Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki yake ndani. Zote mbili zina kori sita na zimepangiwa wati 65. Kwa 5600G utacheza eFootball, Minecraft, Valorant na GTA V ukishusha mipangilio ya picha, huku ukiweka akiba ya kadi. Tofauti ambayo muuzaji anaweza asikutajie ni kwamba 5600 haina grafiki kabisa, kwa hiyo bila kadi hupati picha hata ya kuingiza Windows. Uliza pia kama prosesa imo kwenye boksi lake, maana ya boksi huja na feni yake, na ile inayouzwa peke yake haiji nayo.

Mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya A520 inatosha. B550 ni nzuri zaidi, lakini hela ya ziada inafanya kazi kubwa zaidi ikienda kwenye kadi. B450 ya mtumba ni sawa pia, mradi uhakikishe BIOS (programu ndogo inayoiwasha mazabodi) imeshasasishwa kupokea Ryzen za mfululizo wa 5000. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa utakayonunua.

Njia ya pili, na kwa mwenye bajeti iliyobana sana inaweza kuwa ndiyo ya kwanza, ni kompyuta ya ofisi ya mtumba: Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye Core i5 ya kizazi cha nane, kwa mfano i5-8500 yenye kori sita. Windows 11 inaikubali. Ongeza RAM na kadi, unacheza. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kasha: yale membamba ya kulaza mezani hayapokei kadi ya urefu wa kawaida, ni zile fupi tu. Tafuta kasha kubwa la kusimama. Wa pili ni pawasaplai: za Dell na HP nyingi zina plagi zao wenyewe, si hizi za madukani, na waya wa kulishia kadi mara nyingi haupo. Kwa hiyo nunua kadi inayokula umeme wa nafasi ya mazabodi peke yake, ambao ukomo wake ni wati 75. GTX 1650 isiyo na tundu la waya inafaa, na RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70, inafaa zaidi.

Ya tatu ni hiyo Core i3-12100F niliyoitaja. Ni prosesa nzuri sana, ila mazabodi yake si rahisi kila mara kuipata kwa bei ya A520, na herufi F maana yake ni kwamba nayo haina grafiki ndani. AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, ningeiacha kwa sasa: inataka DDR5, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazigombania. Vifurushi vya Xeon (prosesa za seva) na mazabodi za X99 vinavyoagizwa China nimeviweka chini zaidi. Kori ni nyingi kweli, lakini kori moja moja ni ya polepole, na gemu nyingi zinategemea hapo. Halafu ikifa, ukiwa Buzuruga au Igoma, utamrudishia nani?

Sasa umeme. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wanaoanza wanapobana hela na ndipo mashine nzima inapofia.

Pawasaplai isomwe kwenye lebo yake ya ubavuni, si kwenye boksi. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi zinakula hapo. Zidisha ampia kwa 12. Ikiwa boksi limeandikwa wati 500 na mstari wa volti 12 unasema ampia 18, basi hapo una wati 216, na hizo 500 ni maandishi tu. Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600 zikifanya kazi kwa nguvu zinahitaji karibu wati 200 hizi mbili peke yake, bado diski, mafeni na mazabodi. Nunua ya wati 450 hadi 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus, kutoka kampuni inayojulikana kama Corsair, Seasonic, Cooler Master au MSI. Ishike mkononi pia. Nyepesi kama boksi tupu, irudishe.

Baadhi ya zile za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Swichi ikiwa imekaa 115 ukachomeka ukutani, inalipuka papo hapo na inaweza kuondoka na mazabodi. Itazame kabla ya kuchomeka, kila mara.

Halafu kuna UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika. Umeme ukikatika gemu linapotea tu, lakini ukirudi ghafla ukiwa na volti zilizopanda ndipo vifaa vinaungua. UPS ya VA 650 haitoi wati 650, inatoa chini ya 400, na hiyo inatosha kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Na bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za dunia zenye radi nyingi sana. Ikianza kunguruma upande wa ziwani usiku, chomoa plagi ukutani pamoja na waya wa intaneti. Hakuna kifaa cha madukani kitakachozuia radi iliyopiga karibu.

Tuje kwenye kadi, ambayo ndiyo inayocheza gemu. Kwenye kila laki moja ya bajeti yako, elfu thelathini na tano hadi arobaini ziende huku, na kwenye pawasaplai zisipungue elfu kumi. Ya kwanza kwangu ni Radeon RX 6600: GB 8, wati 132, na kwa kioo cha kutazamia (monita) cha 1080p inacheza karibu kila kitu. Ya pili ni GTX 1660 Super ya GB 6. Ya tatu RX 580 ya GB 8, lakini hii inakula wati 185 na utaiona kwenye LUKU. Uliza kama ni 2048SP: hiyo imeandikwa RX 580 lakini nguvu zake ni za RX 570. Kadi nyingi za namna hii zilichimba sarafu za kidijiti hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi, zikamwagwa sokoni. Si lazima ziwe mbovu, lakini ipashe moto kwa FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa robo saa mbele ya muuzaji, sikiliza feni, tazama kama kioo kinatoa michirizi.

GTX 1060 na 1050 Ti bado zinauzwa kwa wingi. Nvidia iliacha kuzitolea madereva (programu za kuiendesha kadi) ya gemu mpya mwezi Oktoba 2025, kwa hiyo zichukue tu zikiwa rahisi kweli. RX 6400 usiiweke kwenye mazabodi ya zamani, inapoteza nguvu nyingi. GT 730 si kadi ya gemu, hata ikiandikwa GB 4.

Kadi bandia zipo: chipu ya zamani inabadilishiwa jina ndani ya BIOS. Njoo na flashi yenye programu ya GPU-Z, ya bure. Ikiigundua kadi ya Nvidia kuwa ya uongo, inaandika neno FAKE mbele ya jina lake. Kama unaagiza Kariakoo, omba video ya GPU-Z ikiwa wazi na namba ya kadi ikionekana, kisha risiti ya EFD yenye jina la kifaa. Na kama unanunua kompyuta nzima huko, sisitiza kadi ichomolewe na ifungwe peke yake kabla ya kupanda basi. Kutoka Dar kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga ni mtikisiko wa siku nzima, na kadi nzito inavunja nafasi yake kwenye mazabodi.

RAM: GB 16, vijiti viwili vya GB 8. Kijiti kimoja cha GB 16 kinaipunguzia 5600G nguvu nyingi, kwa sababu grafiki yake inakopa RAM hiyo hiyo.

SSD (diski ya kasi) ya NVMe, GB 500 kwa uchache, na ukiweza TB 1. Huku kwetu diski kubwa inaokoa bando: GTA V peke yake inapita GB 100, na hutaki kuifuta leo na kuipakua tena mwezi ujao. Mwenzako pale Malimbe akiwa na gemu mnayoimiliki nyote kwenye Steam, unganisheni kompyuta kwenye ruta moja. Tangu 2023 Steam inahamisha mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine bila kugusa bando.

Kasha liwe na wavu mbele, si kioo kizima. Joto la mchana na vumbi vinatosha kuwa shida, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa jioni huingia kwenye feni na kugandamana na vumbi. Iweke mbali na dirisha, juu ya meza, na uifungue kuisafisha mara kwa mara. Monita ya mtumba ya ofisi inafaa, ila angalia matundu: RX 6600 haina VGA (tundu la zamani la waya wa picha), na monita nyingi za zamani zina VGA peke yake.

Wengi wetu tunanunua kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara au mkopo wa chuo kwa mkopo. Hapo mpangilio ni muhimu, kwa sababu mazabodi iliyokaa kabatini miezi minne ikisubiri prosesa inaweza kumaliza waranti yake bila kuwashwa hata mara moja. Anza na kasha, pamoja na monita na SSD, ambavyo viwili hivi unaweza kuvijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kisha subiri hadi uweze kununua mazabodi, prosesa, RAM na pawasaplai kwa siku moja, uziwashe hapo hapo dukani. Kadi iwe ya mwisho. Ukiwa umechagua 5600G, utakuwa tayari unacheza wakati unaitafuta.